Injini Ikikosa Pa Kupumulia

Pikipiki za kwanza zikishaondoka kijiweni asubuhi pale Katoro, kwenye njia ya Geita kwenda Chato, udongo hubaki na madoa meusi ya mviringo, kila doa mahali pa mwenyewe. Dereva huinama, hupitisha kidole chini ya injini, hukinusa, hufuta kwa tambara, kisha huenda kwa fundi. Jibu analijua kabla hajauliza: "Kaka, sili imekwisha." Sili inabadilishwa. Haupiti muda, doa limerudi palepale.

Mara nyingi sili ile haikuwa na kosa. Mkosaji ni kipande kifupi cha mpira kinachotoka kwenye injini na ambacho wengi hawajawahi hata kukishika: mpira wa pumzi.

Kinachotokea juu ya pistoni kila dereva anakieleza, lakini chini yake hakuna anayepafikiria. Pikipiki ya Boxer BM150 ina silinda moja ya sentimita za ujazo 144.8. Pistoni ikishuka, inasukuma hewa ya ujazo uleule iliyo chini yake, ndani ya kasha la krenki, ikipanda, inaivuta. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, msukumo huo unatokea mara 100 katika kila sekunde. Gari la silinda nne lina nafuu, kwa kuwa pistoni mbili zikishuka mbili zinapanda na hewa inahamia upande wa pili. Silinda moja haina mwenzake wa kupokezana naye. Juu ya hayo kuna moshi unaopenya kandokando ya ringi, nao unaongezeka kadiri ringi zinavyochakaa. Kasha hilo lisipopata pua litatumbuka.

Pua ndiyo huo mpira. Kutegemea aina ya injini, huanzia juu ya kasha la krenki au kwenye kichwa cha silinda, ukaishia kwenye boksi la chujio la hewa, ili mvuke wa oili uvutwe na kabureta ukachomwe. Kwenye pikipiki nyingine huachwa uning'inie kuelekea ardhini. Magari nayo zamani yalikuwa yakitema mvuke huo barabarani, hadi jimbo la California lilipoamua mwaka 1961 kwamba urudishwe ndani ya injini.

Sasa pua izibwe. Kiangazi cha Shinyanga kina vumbi la kutosha, na vumbi likikutana na mvuke wa oili huwa tope zito ndani ya mpira. Masika, ule unaoning'inia hunyonya matope ya mbuga. Nyigu wa udongo nao hupenda matundu ya namna hiyo kujengea. Wakati mwingine mpira umelegea kwa joto, ukajikunja chini ya tangi, ukajibana wenyewe. Presha ikikosa mlango hutafuta penye udhaifu: sili ya shafti ya sproketi, gasketi ya kava la magineti, gasketi ya kichwa. Oili inatokea hapo, fundi anaiona hapo, na anatibu hapo. Sili ikimshinda anapaka silikoni nyekundu, anaipaka nyingi, na ile inayosukumwa ndani hukatika vipande vikaenda kuziba chujio la oili. Injini ya Boxer hubeba oili ya lita moja na ushei tu. Haina akiba ya kuchezea.

Fundi makini huchomoa mpira pale unapoingia kwenye boksi, injini ikinguruma taratibu, akaukingia kiganja. Hewa ikija kwa mapigo mepesi, yote ni sawa. Kukiwa kimya, mpira umeziba. Ikija kwa nguvu pamoja na moshi mzito, ringi zimechoka, na hapo hakuna sili itakayosaidia.

Mpira wenyewe huzeeka kwa njia mbili zinazopingana. Joto na hewa huufanya mgumu, ukapasuka vijistari kama kisigino cha kiangazi. Oili na petroli huufanya uvimbe na kulegea. Mpira wa asili, ule wa utomvu wa mti, hauvumilii oili hata kidogo, na ndiyo sababu wanakemia wa Ujerumani walitengeneza mpira wa naitraili katika miaka ya 1930. Kwenye machimbo ya dhahabu uzee huo huja mapema. Injini hizi hupozwa na upepo wa mwendo, na pikipiki iliyopakiwa mifuko ya mawe ikipanda kwa gia ya kwanza kuelekea makarasha, yaani mashine za kusagia mawe, haipati upepo wowote.

Mpira ukivuja, dawa iliyozoeleka ni mkanda wa tyubu ya baiskeli uliozungushwa na kukazwa kwa meno. Unapendeza siku ya kwanza. Lakini mpira wa tyubu haukutengenezwa kukaa na oili wala petroli: unavimba, unakuwa laini, na fundo lililokazwa linaachia. Kwa mpira wa petroli, ule wa plastiki unaoonyesha petroli ndani nao ni mtego. Petroli huyeyusha na kubeba kilainishi cha plastiki, na mpira uliokuwa laini dukani unakuwa mgumu kama mrija wa peni. Mpira halisi wa petroli huwa na maandishi ubavuni, kama vile SAE J30R7. Duka linalouza mita nzima isiyo na herufi hata moja linamuuzia dereva moto, kwa kuwa bomba la moshi liko karibu.

Klipu nayo inadharauliwa. Ile ya kukazwa kwa bisibisi ilipatiwa hataza mwaka 1921 na Mwingereza Lumley Robinson, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, na kwa mipira minene bado haina mpinzani. Kwa mpira mwembamba, klipu ya springi ni bora zaidi. Mpira uliobanwa muda mrefu husinyaa na kusahau umbo lake. Springi huufuata unaposinyaa, waya wa kufungia hauufuati. Waya hukata tu.

Madoa yale ya kijiweni yanajumlika kidogokidogo yakawa uchafu wa ardhi, na ardhi ya huku imewahi kupata watetezi. Shinyanga ndiko ulikoanzishwa mwaka 1986 mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, ukarudisha miti na ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, kwenye ardhi iliyokuwa imebaki tupu, na mwaka 2002 ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Rwamgasa, huko Geita, mradi wa kimataifa ulikuja kushughulikia zebaki ya wachimbaji wa dhahabu. Oili chafu haijapata msemaji. Humwagwa nyuma ya gereji, mvua ikaiteremsha mitoni, ilhali dumu moja la kuikusanyia lingetosha gereji nzima.

Mpira wa pumzi wa aina hii uko pia kwenye bajaji, guta, jenereta za dukani, pampu za kuvuta maji mashimoni, dizeli za silinda moja zinazozungusha makarasha, mashine za kusaga mahindi, na zile za kukoboa mpunga wa Kahama.