Je, Wajua? Kutoka Embakasi Hadi New York

Je, wajua ya kuwa tangu tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja kutoka kiwanja cha ndege cha Embakasi, Nairobi, hadi New York, masafa ya takriban kilomita 11,800 hukatwa kwa muda wa saa 15 hivi, pasipo kutua popote? Mama wa Buruburu aliyemsindikiza mwanawe usiku hulala, akaamka, akanywa chai, akafua na kuanika nguo, hata akapakua ugali wa mchana, na mwana angali juu ya bahari ya Atlantiki; naye atuapo, huko ni asubuhi, kwani saa za New York zi nyuma ya zetu kwa saa 7 au 8, kwa kadiri ya majira. La ajabu zaidi, kurudi huchukua kama saa 14, maana pepo kali za juu zivumazo kutoka magharibi, zilizoizuia ndege wakati wa kwenda, sasa huisukuma. Na kabla ya kiwanja cha Embakasi kufunguliwa mwaka 1958, wasafiri wa ng'ambo walipandia ndege Eastleigh, mahali ambapo leo ni kambi ya jeshi la anga.