Kusoma kulimtesa tangu utotoni, akafika hadi umakamu wa rais Marekani

Mtoto yuko darasa la tatu. Ukimuuliza habari za mpira, anakusimulia mchezo mzima bila kusita. Mpe kitabu asome kwa sauti: anakwama neno la pili, la tatu anakisia, kisha anaomba kwenda chooni.

Katika nyumba nyingi mtoto huyu ameshapewa jina. Mvivu. Kilaza. Hana akili ya shule. Mzazi, kabla hujalirudia jina hilo, soma kisa cha Nelson Rockefeller.

Alizaliwa Julai 8, 1908 huko Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani. Babu yake, John D. Rockefeller, mwanzilishi wa kampuni ya mafuta ya Standard Oil, alikuwa miongoni mwa watu matajiri zaidi duniani. Nelson hakukosa walimu, vitabu wala chakula. Lakini herufi zilimgomea.

Leo tatizo lake lina jina: disleksia. Ni tofauti katika namna ubongo unavyounganisha herufi na sauti zake. Si uvivu, wala si kipimo cha akili, na mara nyingi hujirudia ndani ya ukoo mmoja. Enzi za utoto wa Nelson ni wachache walioifahamu, hivyo alikua akijiona mzito kuliko wenzake.

Isitoshe, alitumia mkono wa kushoto, jambo ambalo baba yake hakulitaka. Wakati wa chakula alimfunga mpira kwenye kiganja cha mkono huo, ukiwa na kamba. Kila Nelson alipoutumia, baba alivuta kamba. Wengi wetu tunaijua meza ya namna hiyo, hata kama kwetu kamba ilikuwa kofi.

Akiwa Lincoln School jijini New York, alama zake zilikuwa mbaya kiasi kwamba chuo kikuu kilionekana kuwa mbali. Akaanza kuamka alfajiri kujisomea nyumba ikiwa kimya. Akapata nafasi katika chuo cha Dartmouth, na mwaka 1930 alihitimu kwa heshima.

Kuanzia 1959 hadi 1973 alikuwa gavana wa New York, akichaguliwa mara nne. Kijana aliyenusurika kukosa chuo ndiye aliyekuja kupanua kwa kiasi kikubwa chuo kikuu cha umma cha jimbo hilo. Si yote aliyofanya yanasifiwa: sheria zake kali za dawa za kulevya za mwaka 1973 zinalaumiwa hadi leo kwa kujaza magereza.

Rais Richard Nixon alipojiuzulu Agosti 1974, Gerald Ford alishika nafasi hiyo na kumteua Rockefeller kuwa makamu wake. Aliapishwa Desemba 19, 1974, akatumikia hadi Januari 1977.

Hata akiwa na cheo hicho, kusoma hotuba iliyoandikwa kulimsumbua, na ilimlazimu kuifanyia mazoezi kabla ya kusimama mbele ya watu. Mwaka 1976, akiwa bado ofisini, aliyaeleza haya wazi katika jarida la TV Guide. Aliwataka watoto wenye tatizo kama lake wasikubali hukumu ya mtu yeyote anayewaita wavivu au wajinga.

Dalili za kuangalia

Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, hivyo mtoto mwenye disleksia anaweza kufika mwisho wa sentensi bila makosa mengi, ila polepole mno na kwa kuchoka. Kiingereza, chenye maneno yasiyotamkwa kama yalivyoandikwa, ndicho humfichua. Ndiyo maana wapo wanaoonekana kuanguka ghafla wanapofika kidato cha kwanza.

Angalia pia kama alichelewa kuongea, anachanganya herufi kama b na d muda mrefu baada ya wenzake kuacha, anaandika neno moja kwa namna tofauti katika ukurasa uleule, au anajua jibu akiulizwa kwa mdomo lakini hawezi kuliandika.

Ufanye nini

Anza kwa kumpima macho na masikio, kwa sababu mtoto asiyeona ubao vizuri naye husoma kwa shida. Kisha zungumza na mwalimu wake mkiwa wawili, bila mtoto kusimama hapo akisikiliza anavyojadiliwa. Uliza kama shule au hospitali iliyo karibu ina mtaalamu wa elimu maalumu.

Nyumbani, rudini kwenye sauti na silabi, dakika 15 kila siku, akiguse kila kipande cha neno kwa kidole. Msomee wewe kwanza, yeye afuate. Akichoka, acheni. Usimlazimishe kusoma mbele ya wageni, na usimlinganishe na mdogo wake. Disleksia haiondoki, lakini mtoto anayefundishwa kwa utaratibu na kupewa muda zaidi husoma na kufaulu.

Rockefeller alifariki Januari 26, 1979, akiwa na miaka 70. Aliwania kuwa mgombea urais mara tatu bila kufanikiwa. Yeye alisubiri hadi ukubwani ndipo akajua kwamba tatizo lake lina jina. Wako anaweza kulijua muhula huu, ukienda shuleni kuuliza.