Deni la Nairobi, Riba ya Washington

Juni 2014 Kenya iliingia kwa mara ya kwanza katika soko la kimataifa la hatifungani na kutoka na dola bilioni 2. Milioni 500 zilikuwa za miaka mitano kwa riba ya asilimia 5.875, na bilioni 1.5 zilikuwa za miaka kumi kwa riba ya asilimia 6.875. Desemba mwaka huohuo iliongeza dola milioni 750 juu ya hatifungani hizohizo, na ile ya miaka kumi ikafika dola bilioni 2 kamili. Siku ya kuilipa ilijulikana tangu mwanzo: tarehe 24 Juni 2024.

Wawekezaji walijitokeza Juni na fedha zaidi ya mara nne ya zile zilizokopwa. Serikali iliufurahia mwitikio huo kama kura ya imani kwa uchumi wa nchi, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyokuwa. Ila kulikuwa na sababu nyingine, na hiyo haikutoka Nairobi. Tangu Desemba 2008, baada ya mabenki makubwa kuyumba, Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imeshusha riba yake karibu na sifuri. Mifuko ya pensheni na kampuni za bima za Ulaya na Marekani, ambazo lazima zipate faida ili ziwalipe wastaafu, hazikuwa zikipata kitu cha maana nyumbani. Kenya, Zambia, Ghana na Ethiopia zilipotangaza kwamba zinakopa kwa asilimia sita, saba au nane, fedha zikazifuata.

Hatifungani yenyewe si kitu kigumu kukielewa. Ni hati ya mkopo: serikali inachukua fedha leo, inalipa riba isiyobadilika kila baada ya miezi sita, kisha siku ya kuiva inarudisha mtaji wote. Kinachowachanganya wengi ni kwamba aliyekopesha hahitaji kungoja miaka kumi. Anaweza kumuuzia mtu mwingine hati hiyo wakati wowote, kwa bei wanayokubaliana siku hiyo.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Chukua hati ya dola 100 inayolipa dola 6.875 kwa mwaka. Mwenye nayo akiingiwa na hofu na kuiuza kwa dola 80, mnunuzi atapokea dola 6.875 zilezile, lakini kwa mtaji wa dola 80. Ni zaidi ya asilimia 8.5 kwa mwaka, na siku ya kuiva atalipwa 100. Kwa hiyo bei ya hatifungani ikishuka, faida ya anayeinunua hupanda. Serikali iliyokopa mwanzoni hailipi senti ya ziada kwa biashara hiyo. Hata hivyo, ikirudi sokoni kutafuta mkopo mpya itaambiwa: hati zako za zamani zinatupa faida kubwa hivi, basi na mpya itupe si chini ya hapo.

Kwa miaka kadhaa hilo halikuisumbua Kenya. Mwaka 2020, korona ilipofunga biashara, riba ya Marekani ilirudi tena karibu na sifuri, na hatifungani ya miaka kumi ya serikali ya Marekani ikawa inalipa chini ya asilimia 1.

Kisha bei za bidhaa zikapaa. Mfumuko wa bei nchini Marekani ulifika asilimia 9.1 Juni 2022, kiwango ambacho Wamarekani hawakuwa wamekiona kwa miaka arobaini. Kamati ya sera ya fedha ya benki kuu yao, ambayo hukutana mara nane kwa mwaka mjini Washington na wakati huo iliongozwa na Jerome Powell, ilikuwa imeanza kupandisha riba Machi mwaka huo. Iliipandisha mara kumi na moja. Julai 2023 riba ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Shabaha ya kamati hiyo ilikuwa kupunguza mikopo na matumizi ya Wamarekani, na sheria inayoiongoza inazungumzia uchumi wa Marekani tu. Kenya haikuwa katika hesabu zake.

Hata hivyo uamuzi huo ulifika Mombasa na Kisumu. Mwekezaji anayeweza kulipwa asilimia 5 na serikali ya Marekani, ambayo haitarajiwi kushindwa kulipa, hana sababu ya kuikopesha nchi yenye hatari zaidi kwa asilimia 7. Waliokuwa na hati za Kenya wakaziuza. Faida iliyodaiwa sokoni ilivuka asilimia kumi, na mpango wa serikali wa kukopa nje mwaka 2022 ukawekwa kando kwa sababu ya gharama. Dola nazo zilirudi kwao, na shilingi ikateleza. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilinunuliwa kwa shilingi 113 hivi. Januari 2024 ilikuwa imefika karibu 160.

Kuanguka huko kuna maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Juni 2014 dola moja ilikuwa shilingi 88 hivi, kwa hiyo dola bilioni 2 zilikuwa sawa na shilingi bilioni 176. Kwa kiwango cha Januari 2024 dola zilezile zilikuwa shilingi bilioni 320. Hakuna barabara iliyoongezwa wala zahanati iliyojengwa kwa tofauti hiyo. Serikali hukusanya kodi kwa shilingi, lakini deni hili liliandikwa kwa dola, na dola huja kwa chai, maua, watalii na fedha wanazotuma Wakenya walio ughaibuni. Mafuta pia hununuliwa kwa dola. Machi 2023 uhaba wa dola ulikuwa mkali kiasi kwamba serikali iliingia mkataba na kampuni za mafuta za Saudi Arabia na Umoja wa Falme za Kiarabu ili nchi ipewe mafuta kwa mkopo wa miezi sita. Oktoba mwaka huo lita ya petroli jijini Nairobi iliuzwa kwa shilingi 217.36.

Majirani na marafiki walikuwa wakianguka mmoja mmoja. Zambia ilishindwa kulipa riba ya yurobondi yake, yaani hatifungani ya soko la kimataifa, Novemba 2020. Ghana ilisimamisha malipo ya madeni mengi ya nje Desemba 2022. Ethiopia ilikosa malipo ya dola milioni 33 Desemba 2023. Macho ya soko yakaigeukia Kenya na tarehe yake ya Juni.

Benki Kuu ya Kenya, chini ya Gavana Kamau Thugge, ilijibu kwa mojawapo ya silaha za haraka ambazo benki kuu huwa nazo. Desemba 2023 ilipandisha riba ya msingi kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5, na Februari 2024 hadi 13. Mwezi huohuo serikali iliuza hatifungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa kodi. Ilitafuta shilingi bilioni 70; ikaletewa zaidi ya bilioni 280, nyingine zikitoka kwa wageni waliolazimika kubadilisha dola zao kwanza. Serikali pia ilirudi katika soko la nje na kukopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, na kwa fedha hizo ikanunua mapema sehemu kubwa ya deni la 2014. Hofu ikatulia. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi shilingi 130 hivi.

Ulikuwa mkakati uliofaulu, na waliousimamia wanastahili sifa kwa kuiepusha nchi na aibu ya Zambia. Lakini gharama yake iwekwe mezani pia. Serikali inapolipa asilimia 18 bila kodi, benki gani itahangaika kumkopesha mwenye duka la vifaa Nakuru, au kijana anayetaka pikipiki ya bodaboda? Na yule anayepata mkopo anautafuta kwa riba iliyopanda pamoja na ile ya benki kuu. Sehemu kubwa ya mtaji wa 2014 haikufutwa, ilihamishiwa katika deni jipya lenye riba kubwa zaidi.

Salio la ile yurobondi ya Kenya ya 2014 lililipwa Juni 2024, kama ilivyoahidiwa. Tarehe 25 Juni, siku moja baada ya ile tarehe ya kuiva, vijana waliingia katika majengo ya Bunge wakipinga Mswada wa Fedha, uliokusudia kukusanya kodi mpya za zaidi ya shilingi bilioni 300. Watu walipoteza maisha siku hiyo. Kesho yake Rais William Ruto alikataa kuutia saini. Julai kampuni ya Moody's, inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, ikaishusha Kenya daraja, ikieleza kwamba uwezo wa serikali wa kuongeza mapato umepungua. Waliolipwa kwa wakati na walioandamana hawakukutana popote, ila walikuwa wakigombea mfuko mmoja.

Kukopa si kosa. Hatari ilikuwa katika namna mkopo ulivyopangwa: sarafu ya kigeni, mtaji wote kulipwa siku moja, na matumaini kwamba riba ya Marekani itabaki chini miaka kumi yote. Waliokopa walijua mambo mawili ya kwanza, na la tatu halikuwa mikononi mwao. Mwananchi hakuelezwa lolote kati ya hayo kwa lugha anayoielewa, ilhali ndiye mlipaji.

Leo raia yeyote wa Kenya anaweza kuikopesha serikali yake kuanzia shilingi 50,000 kupitia mfumo wa DhowCSD wa benki kuu, na wanaofanya hivyo wamejifunza kuuliza riba ni ngapi na hati itaiva lini. Maswali hayohayo waulizwe wabunge kila serikali inapokwenda kukopa nje, pamoja na swali la dola zitatoka wapi. Muda wa kuyauliza ni mfupi: dola bilioni 1.5 za Februari 2024 zitalipwa kwa awamu tatu, na ya kwanza ni mwaka 2029.