Bidoni Hii Ilibeba Nini?

Likasi ni mji wa madini. Kule Shituru shaba hutolewa kwenye mawe kwa asidi sulfuriki, na dawa za shamba nazo zinakuja ndani ya bidoni. Kwa hiyo, mama na baba wa kooperative, ukinunua bidoni kuukuu ya kutia mafuta ya mawese, tunaomba uangalie kwanza karatasi yake.

Hata asiyesoma Kifaransa anaweza. Tafuta mraba uliosimama kwa pembe, ukingo mwekundu, picha nyeusi ndani. Kichwa cha mfu na mifupa: inaua. Maji yanayodondokea mkono: inaunguza ngozi na macho. Mti mkavu na samaki aliyekufa: usimwage mtoni. Neno «Danger» ni kali kuliko «Attention».

Bidoni ya namna hiyo usitie maji wala chakula, hata uisugue mara kumi, kwa sababu plastiki inanywa dawa. Isiyo na karatasi tunaiogopa zaidi: nani aliibandua, na kwa nini? Ya dawa ya shamba isuuze mara tatu, maji yake yarudi ndani ya pompi, kisha itoboe.

Na mifuko iliyopakia madini? Vumbi linabaki ndani ya nyuzi. Unga wa bukari usiingie humo.

Gundi kwenye bidoni safi inatoka: paka mafuta, ngoja saa moja, sugua na majivu. Mifuko ya mbegu iandikie karatasi mbili kwa kalamu ya risasi, maana maji hayaifuti: moja nje, moja ndani.