Mwiba Hutokea Ulipoingilia: Kuziba Pancha ya Pikipiki Mbali na Fundi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mwiba hutokea ulipoingilia. Methali hii imezoeleka katika mafunzo ya maadili, lakini kwa mwendeshaji wa bodaboda wa Mata ina maana ya moja kwa moja. Mata ni wadi ya eneo la Taveta, katika Kaunti ya Taita Taveta. Imepakana na Tanzania, na jirani yake mwingine ni Mbuga ya Taifa ya Tsavo Magharibi. Huko ndiko liliko Ziwa Jipe. Msafiri anayetoka Voi akiiacha lami na kushika njia za vumbi hupita kati ya vichaka vya migunga, na penye mashamba hukutana na mikonge ambayo kila jani lake huishia kwa ncha kali mithili ya sindano.

Katika njia hizo pikipiki hubeba samaki, ndizi, mwanafunzi, na pengine mama mjamzito anayewahishwa hospitalini. Gurudumu likiishiwa upepo jioni, jambo hilo si usumbufu mdogo. Fundi yu mbali, giza linaingia, na tembo huvuka kwenda kunywa maji. Makala haya yanaeleza namna ya kuliondoa tatizo hilo. Hoja yake kuu ni moja: tundu ni dalili tu, na kilichotoboa ndicho ugonjwa. Anayeziba tundu bila kukitafuta kilichotoboa atalazimika kuifanya kazi hiyo mara ya pili.

Muundo wa gurudumu

Tairi la upepo lilipewa hataza kwa mara ya kwanza na Mskoti Robert William Thomson mwaka 1845, likasahaulika, kisha likabuniwa upya na John Boyd Dunlop mjini Belfast mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Pikipiki nyingi za bodaboda zenye spoki bado zinafuata muundo huo wa kale: nje kuna tairi gumu, ndani kuna mpira mwembamba wenye valvu, na vyote viwili hushikwa na rimu. Vichwa vya spoki hutokeza ndani ya rimu, na utepe wa mpira huvifunika visiuguse mpira wa ndani.

Kusimama kwa usalama

Pikipiki inapoanza kuyumba, mwendeshaji hushika usukani kwa uthabiti na kupunguza mwendo taratibu. Ikibidi kufunga breki, atumie ile ya gurudumu zima, kwani tairi lisilo na upepo likifungwa ghafla huweza kuchomoka kwenye rimu. Abiria ashuke mara moja. Kuendelea na safari juu ya tairi bapa huukata mpira wa ndani vipande vipande, na palipohitajika kiraka kimoja sasa pakahitajika mpira mpya. Aidha, pa kufanyia kazi pawe na ardhi ngumu, peupe, mbali na kichaka. Karibu na mbuga, kuona mbali ni sehemu ya kazi.

Kuusoma mwiba na tundu

Kabla ya kufungua nati yoyote, gurudumu lizungushwe polepole na tairi likaguliwe kote. Mwiba ukionekana, mahali pake pawekwe alama kwa kulinganisha na valvu, ndipo ung'olewe. Alama hiyo huonyesha sehemu ya mpira wa ndani itakayochunguzwa. Pia huwezesha kuvuta sehemu hiyo tu ya mpira bila kulitoa gurudumu zima.

Upepo uliosalia hutolewa wote, na ukingo wa tairi husukumwa kwa kisigino hadi uachane na rimu. Upande ulio mkabala na vyuma bapa vya kufungulia usukumwe katikati ya rimu, penye bonde, ili ukingo ulegee. Mpira ukishatoka hujazwa upepo kidogo, kisha husikilizwa, husogezwa karibu na shavu, au hupakwa mate au maji.

Mahali pa tundu hueleza chanzo chake. Tundu lililo upande wa nje limetokana na mwiba au msumari. Tundu la upande wa rimu huashiria spoki iliyojitokeza au utepe uliohama. Matundu mawili yaliyokaribiana yaonyesha kuwa mpira ulibanwa baina ya tairi na rimu, mara nyingi kwa sababu upepo ulikuwa haba na mzigo mzito. Hatimaye sehemu ya ndani ya tairi ipapaswe kwa kitambaa, wala si kwa vidole vitupu. Mara nyingi ncha ya mgunga hukatika na kubaki humo bila kuonekana.

Kuziba na kurudisha

Mahali pa tundu hukwaruzwa kwa msasa hadi papoteze mng'ao, kisha hufutwa vumbi na kukaushwa. Solusheni hupakwa nyembamba, kupita ukubwa wa kiraka, na kuachwa kwa dakika chache hadi isinate majimaji. Hapa ndipo wengi huharibu, kwani haraka haraka haina baraka: kiraka kikibandikwa juu ya gundi mbichi hubanduka mara tairi lipatapo joto. Kiraka hugandamizwa kwa nguvu kuanzia katikati kuelekea kingoni.

Mpira hurudishwa ukiwa na upepo kidogo ili usijikunje. Valvu ikae wima, na sehemu ya mwisho ya ukingo iingizwe karibu nayo. Upepo ukishajazwa, ukingo wa tairi ulingane na rimu pande zote. Iwapo gurudumu lilitolewa, nati ya ekseli, mnyororo na breki vikaguliwe, na breki ijaribiwe kabla abiria hajapanda.

Pasipo na kiraka

Asiye na kiraka lakini mwenye pampu anaweza kuukunja mpira penye tundu dogo na kuufunga kwa nguvu kwa ukanda wa mpira mkuukuu, kama ule wa kufungia mizigo, ili upepo usilifikie tundu. Asiye na pampu huweza kulijaza tairi nyasi kavu kwa kuzishindilia. Njia zote mbili ni za kufika kijiji kilicho karibu tu, kwa mwendo wa pole na bila abiria.

Hitimisho

Vyuma viwili bapa, spana, pampu ya mkono, viraka, solusheni na msasa vyote huenea katika mfuko mdogo chini ya kiti. Anayeviacha nyumbani na kuingia njia za Jipe ajue kuwa mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na kwamba pole hiyo huikosa pia abiria wake asiye na kosa. Anayevibeba naye akumbuke utaratibu: mwiba kwanza, tundu baadaye.