Saa ya rangi ya dhahabu: iko na dhahabu ngapi?

Bandugu, leo sitaandika juu ya mihogo wala mbolea. Ninaandika juu ya saa ya mkononi, juu ilikaribia kuvunja likelemba yetu, na juu wengi kati yetu tunapokea vitu vya namna hii kama rehani bila kujua tunashika nini.

Tuko watu kumi tuliosoma pamoja hapa Bukavu. Kila mwezi kila mmoja anatoa dola 30, na mimi njo ninashika franga. Mwenzetu mmoja, mdogo wangu wa fakulte, alikuwa amekwisha kula zamu yake, kisha akakwama, akabaki na deni ya dola 150. Akaniletea saa ya kung'aa, yenye jina la kampuni kubwa ya Uswisi. Kopi, na yeye mwenyewe hakuficha.

“Yaya, shika hii kwanza. Saa ni kopi, lakini zahabu ya juu iko ya kweli. Nililipa dola 200. Ona, bameandika 18K.”

Niligeuza mkanda, nikasoma pale kwenye kifungio: 18K GP. Alikuwa amesoma nusu ya maandishi. 18K maana yake ni dhahabu ya asilimia 75, metali nyingine asilimia 25. Lakini zile herufi mbili GP zinasema kwamba dhahabu hiyo imepakwa juu tu. Hata hivyo chapa haithibitishi kitu: anayeiba jina la kampuni hashindwi kuchora herufi chache. Wenzetu wa likelemba wakagawanyika. Wengine walisema mdogo wetu ni mwizi, wengine wakasema tuuze saa. Mimi nikasema tupime.

Jambo la kwanza watu wanalokimbilia ni sumaku. Sumaku haivuti dhahabu, ni kweli. Lakini haivuti letoni pia (ile shaba iliyochanganywa na zinki), na inoksi nyingi za saa inazivuta kidogo sana au haizivuti kabisa. Tena ndani ya saa kuna skurubu na mashine ndogo za chuma, kwa hiyo hata saa ya dhahabu tupu inaweza kuvutwa kidogo. Sumaku ikishika mkanda wenyewe kwa nguvu, umejua kwamba chini kuna chuma. Isiposhika, haujajua kitu.

Kipimo cha pili ni uzito ndani ya maji. Hapa tulikuwa na bahati: siku ya kupunguza mkanda, fundi alitoa kipande kimoja, na mdogo wetu alikitunza mfukoni. Hivyo hatukuhitaji kuumiza saa ambayo si yetu. Nilienda nacho kwenye laboratware ya udongo ambako nilifanyia memware yangu. Kwenye mizani kilikuwa gramu 3.37. Kisha tukaweka glasi ya maji juu ya mizani, tukairudisha kwenye sifuri, tukashusha kipande kwa uzi, kizame chote bila kugusa chini. Mizani ikasoma 0.40. Hiyo 0.40 njo uzito wa maji yaliyosukumwa, yaani ujazo wa kipande ni sentimita za ujazo 0.40. Gawanya 3.37 kwa 0.40, unapata 8.4. Dhahabu safi ni 19.3. Dhahabu ya 18K inapita 15. Inoksi iko karibu na 8, letoni karibu na 8.5. Kwa hiyo ndani kulikuwa letoni. (Angalia: kipande kikiwa na uwazi ndani, hewa itakudanganya.)

Lakini mdogo wetu hakusema saa yote ni dhahabu. Alisema ya juu. Na maji hayawezi kujibu swali hilo, kwa sababu tabaka la juu ni jembamba mno kubadilisha uzito.

Rangi ya dhahabu juu ya saa inaweza kutoka sehemu tatu. Ya kwanza ni dhahabu kweli, iliyowekwa kwa umeme ndani ya maji ya chumvi za dhahabu. Ya pili ni letoni yenyewe, iliyosuguliwa ikang'aa na kupakwa vernisi. Ya tatu inadanganya hata wenye macho makali: nitridi ya titani, kitu kigumu sana chenye rangi ya dhahabu, kinachowekwa ndani ya chumba kisicho na hewa. Hakina dhahabu hata chembe. Asidi ya nitriki, ambayo watu wanaisifu kuwa inatenga dhahabu na uongo, haikigusi. Ukidondosha tone juu yake na rangi isipobadilika, utashangilia bure.

Hapo jiwe jeusi la sonara linasaidia kuliko asidi. Dhahabu ni laini: sugua kidogo juu ya jiwe, inaacha mstari wa njano. Nitridi ya titani haiachi mstari, yenyewe njo inakwaruza jiwe. Shida ni kwamba letoni nayo inaacha mstari wa njano. Basi mstari huo ndio unaotiliwa tone la asidi: wa letoni unapotea mara moja, wa dhahabu ya 18K unabaki. Na kwa tabaka jembamba ukisugua mara mbili tatu umekwisha kulipita, unapima letoni ya chini ukidhani unapima juu.

Kipande chetu kiliacha mstari, nao ukabaki kiasi. Kwa hiyo kulikuwa na kitu. Tukafanya kile ambacho sitaki mtu afanye nyumbani: fundi wa laboratware aliweka kipande chote ndani ya asidi ya nitriki, chini ya kabati linalonyonya moshi. Asidi inakula shaba na zinki, inageuka kijani kama majani ya muhogo yaliyopondwa, na inatoa moshi wa rangi ya kahawia. Moshi ule unaweza kukuacha mzima mchana, ukakujaza maji kwenye mapafu usiku. Hapana jikoni, hapana kwenye veranda.

Letoni ilipoisha, juu ya maji ya kijani zikabaki ngozi ndogo za njano zinaelea, nyembamba kuliko karatasi ya sigara. Tukaziosha, tukazikausha, tukazipitisha kwenye moto, juu vernisi nayo inaweza kubaki vile na ingeungua. Hazikuungua. Mdogo wetu alikuwa pale, akapiga mikono: “Yaya, niliwaambia!”

Alikuwa na haki. Ilikuwa dhahabu. Mizani ndogo ya laboratware ikasoma miligramu 1.6.

Sasa njo agronomia inaingia. Sisi tunajua kwamba mvua ya milimita 1 kwenye hekta 1 ni lita 10 000, kwa sababu unene mdogo unazidishwa na eneo kubwa. Saa ni hesabu ile ile, ila eneo ni kama kiganja. Kipande kimoja kilikuwa na uso wa sentimita za mraba 4 hivi, maana yake miligramu 0.4 kwa kila moja. Vipande vya mkanda pamoja na kasha lake tukakadiria sentimita 90. Zidisha: miligramu 36. Tukichukua dola 100 kwa gramu ili hesabu iwe rahisi, dhahabu yote ya saa ile ni dola 3 na senti 60, na kuitoa kungekula asidi ya bei zaidi ya hapo. Unene wake ni karibu mikroni 0.2. Unywele wa mtu una mikroni 70 hivi. Ziko saa za zamani zilizoandikwa mikroni 10 au 20, hizo ni habari nyingine: mikroni 10 kwenye kasha la sentimita 20 inakaribia gramu 0.4.

Hivyo muuzaji hakusema uongo, na mdogo wetu hakuwa mwizi. Swali letu njo lilikuwa bovu. Tuliuliza kama iko dhahabu, tukajibiwa ndiyo. Hata ile mashine ya miale inayotumika kwa wanunuzi wa dhahabu inaweza kukujibu ndiyo, kwa sababu inasoma uso tu, na tabaka likiwa nene kidogo haioni letoni iliyo chini. Ukiletewa rehani, uliza gramu ngapi, na anza na maji, hayaharibu kitu.

Nilisoma hesabu hii mbele ya watu wote kumi. Kulikuwa kimya. Aliyesema mwizi aliomba msamaha, si kwa moyo wote, lakini aliomba. Tukakubaliana deni ilipwe kwa miezi mitano, dola 30 kila mwezi, na amekwisha kulipa mitatu. Saa nilimrudishia, mkanda ukiwa bila kile kipande. Bado anaivaa, na inatembea vizuri.