Mwamba Ngoma Huivutia Kwake: Gazeti Tulipime kwa Mizani Gani?

Hakuna bidhaa inayolaumiwa na wanunuzi wake kama gazeti. Mkate ukiwa mbovu, mnunuzi huhamia duka jingine akanyamaza. Gazeti likimchukiza, hulisoma hadi ukurasa wa mwisho, akalilaani mbele ya watu, na kesho yake asubuhi akalitafuta tena. Hapa kwetu katika mwambao wa Kilifi na Malindi, ambako nakala moja hupita mikononi mwa watu wengi kabla haijaishia kufungia mahamri, lawama hizo nimezisikia kila upande: katika vyumba vya walimu Kaloleni na Ganze, katika baraza za wazee Takaungu na Mambrui, na katika vituo vya matatu mjini Malindi. Wasomaji wapenzi, leo ningependa tuzichukue lawama hizo moja baada ya nyingine tuzitie katika mizani. Zipo zilizo za haki, zipo za chuki, na zipo ambazo hazijafika kwenye kiini cha jambo.

Malalamiko yenyewe, kwa jumla, ni matatu. La kwanza ni kwamba Kiswahili cha magazeti kimeharibika. La pili ni kwamba magazeti yana upendeleo wa kisiasa. La tatu ni kwamba Pwani haipewi nafasi yake, ila siku ya msiba.

Tuanze na lugha, maadam ndiyo inayowauma zaidi walimu. Habari nyingi huzaliwa kwa Kiingereza, iwe katika taarifa ya polisi, katika hotuba ya waziri au katika mashirika ya habari ya nchi za nje. Mfasiri wa gazeti la Kiswahili huwa na dakika chache za kuigeuza kabla mitambo haijaanza kupiga chapa. Matokeo yake ni Kiswahili chenye nyama ya Kibantu na mifupa ya Kiingereza. “Mwisho wa siku” imeifukuza “hatimaye”. Watu “hucheza jukumu muhimu”, kana kwamba jukumu ni mdundiko. Mwanafunzi huyasoma maneno hayo yamechapwa kwa wino, akayaamini, akayapeleka katika insha yake, na mwalimu akimkata alama humletea gazeti liwe shahidi.

Lawama hii ni ya haki. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Gazeti la Kiswahili ndilo lililowafikishia wakulima wa Bamba na wavuvi wa Watamu maneno kama “ugatuzi” baada ya Katiba ya 2010, wakaweza kuyajadili mambo ya nchi bila kumsubiri mkalimani. Gazeti hilo hilo, kwa miaka mingi, limewapa washairi ukurasa wa kujibizana wakati wachapishaji wa vitabu walipowafungia milango. Kwa hiyo tukilisahihisha, tulisahihishe kama mtu anavyokisahihisha kitu chake.

Isitoshe, ubovu wa lugha si suala la sarufi peke yake. Ndani yake hujificha siasa. Soma sentensi hii: “Watu watatu walipoteza maisha yao katika makabiliano.” Nani aliwaua? Sentensi haisemi. Ingekuwa “Polisi waliwapiga risasi watu watatu wakafa”, tungejua tumuulize nani. Kiswahili kina uwezo kamili wa kumtaja mtenda, hata katika kauli ya kutendwa: “waliuawa na” fulani. Mwandishi anapolikata neno “na” na kilichofuata, huenda ni kwa sababu mtenda hajulikani bado, na hapo ana udhuru. Lakini akijulikana asitajwe, huo si upungufu wa ufasaha. Huo ni uamuzi.

Hapa ndipo tunapoingia katika lawama ya pili. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Historia ya magazeti ya Kiswahili haionyeshi hata siku moja ambapo gazeti halikuwa na mwenyewe. Mwaka 1932, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha Al-Islah mjini Mombasa, alitangaza nia yake kwa jina lenyewe: kusuluhisha na kurekebisha mambo ya Waislamu wa mwambao. Baraza, lililoanza 1939, lilikuwa la kampuni ya East African Standard, iliyokuwa ya walowezi. Aga Khan alilinunua gazeti la kila wiki la Taifa mwaka 1959, na mwaka uliofuata Taifa Leo likaanza kutoka kila siku. Nacho chama cha KANU kilipotaka sauti yake, kilianza kuchapisha Kenya Times mwaka 1983, pamoja na nduguye wa Kiswahili, Kenya Leo. Msomaji wa Kenya Leo hakudanganywa kuhusu mwenye ngoma. Alijua anasoma gazeti la chama.

Hatari ni kubwa zaidi pale mwenye ngoma anapojificha nyuma ya pazia, au pale ambapo pande zote zina magazeti yake na hakuna anayesoma la mwenziwe. Tazameni jirani zetu wa Unguja. Katika miaka ya 1950, Mwongozi liliegemea Zanzibar Nationalist Party, na Afrika Kwetu likawa upande wa Afro-Shirazi Party. Kila moja liliwaandikia watu wake kuhusu watu wa upande wa pili, na maneno yakazidi kuwa makali mwaka baada ya mwaka. Uchaguzi wa Juni 1961 ulipofika, ghasia ziliwaua watu 68. Sisemi kwamba wino peke yake uliwaua. Nasema kwamba watu hao waliouana walikuwa wamesomeshwa kwa miaka kadhaa kwamba jirani si jirani.

Upendeleo huletwa pia na hofu. Mwaka 1989 Bunge letu liliwapiga marufuku waandishi wa Daily Nation wasihudhurie vikao vyake. Usiku wa Machi 2, 2006, polisi waliofunika nyuso zao walivamia ofisi na mtambo wa gazeti la Standard, wakayatia moto magazeti yaliyokwisha kuchapwa. Siku hizi moto si lazima. Mwaka 2015 serikali iliyakusanya matangazo ya wizara na mashirika yake chini ya wakala mmoja, na mhariri anayetegemea matangazo hayo kulipa mishahara hahitaji kuonywa kwa maneno. Kadhalika serikali za kaunti, kampuni za simu na benki, zote hutangaza. Mtu akiniuliza gazeti fulani linapendelea chama gani, mimi humwambia ahesabu kwanza kurasa za matangazo, kisha atafute habari iliyomkera mtangazaji mkubwa kuliko wote. Akiikosa kwa mwaka mzima, amepata jibu.

Hata hivyo, nasikitika kwamba mazungumzo yetu ya upendeleo huishia katika vyama. Wakazi wa Kilifi wameonewa zaidi na neno moja kuliko na tahariri mia za uchaguzi. Neno lenyewe ni “maskwota”. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hatimiliki za ardhi katika ukanda wa maili kumi. Aliyetaka kutambuliwa kuwa mwenye ardhi alitakiwa aende kudai na kuthibitisha, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Wamijikenda wengi, waliokuwa wakimiliki ardhi kwa jamii na kwa desturi, hawakuandikishwa. Wakaamka wageni katika mashamba ya babu zao. Leo gazeti linapoandika “maskwota wavamia shamba la mwekezaji”, limekwisha kutoa hukumu kabla ya mahakama. “Maskwota” amehukumiwa kuwa mvamizi, “mwekezaji” amepewa sifa ya mleta maendeleo, na “shamba la” limekata kesi ya umiliki. Hapana chama kilichotajwa hapo, wala mgombea. Lakini ni siasa tupu.

Sisemi gazeti liandike kinyume chake, kwamba kila mwenye hati ni mnyang'anyi. Huo nao ungekuwa upendeleo. Nasema liandike kinachojulikana: kwamba familia kadhaa zinazoishi hapo kwa miaka kadhaa zinadai ardhi ni yao, kwamba fulani ana hati ya mwaka fulani, na kwamba kesi iko mahakama fulani. Mwaka 2005, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilipofanya uchunguzi wa hadhara juu ya malalamiko ya wakazi dhidi ya viwanda vya chumvi vya Magarini, iliwaita wakazi na wenye viwanda pia, ikawasikiliza mbele ya watu. Gazeti halina uwezo wa tume, lakini lina simu, nalo laweza kuwapigia wote wawili.

Lawama ya tatu ni ya Pwani kusahauliwa. Aprili 2023, jina la Shakahola lilifika kila pembe ya dunia, na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa katika msitu ule. Kwa miezi kadhaa Malindi ilikuwa katika ukurasa wa kwanza. Mwalimu mmoja aliniambia kwa uchungu kwamba ulimwengu unatujua kwa makaburi na watalii tu. Ana haki. Shule zisizo na maji huko Ganze na bei ya korosho si habari, mpaka mtu afe. Lakini tuulize sababu yake. Waandishi wengi wa mashinani hulipwa kwa kila habari inayochapishwa, na nauli ya kwenda Marafa au Vitengeni hutoka mifukoni mwao. Habari isiyochapishwa ni hasara yao. Ndiyo maana huikimbilia ile wanayojua itaingia: ajali, mauaji, na mwanasiasa aliyewaita yeye mwenyewe, akawapa na usafiri. Hapo upendeleo umekwisha kuzaliwa, hata kabla ya mhariri wa Nairobi kuiona habari.

Sasa na tujitazame sisi wasomaji, kwani nyani haoni kundule. Nimewahi kuwasikia watu wawili wakilishutumu gazeti moja, la siku moja, kwa habari moja. Mmoja alisema limenunuliwa na serikali, mwenziwe akasema limenunuliwa na upinzani. Kila mmoja alilipima kwa moyo wake. Baadhi ya wahariri hupenda kujitetea kwa jambo hili: tukilaumiwa na pande zote, basi tuko katikati. Hoja hiyo haisimami. Mtu aweza kuwadhulumu wawili kwa pamoja, na ukweli haukai katikati kila siku. Mmoja akisema kisima kina maji na wa pili akisema kimekauka, kazi ya mwandishi ni kwenda kuchungulia kisima.

Kwa hiyo nawapa walimu na wanafunzi mizani ambayo haimtegemei moyo wa mtu. Chukueni habari moja ya siasa katika magazeti mawili. Kwanza, hesabuni waliopewa nafasi ya kusema na mistari ya kila mmoja. Pili, tazameni vitenzi: nani “alieleza” na nani “alidai”, nani “alifichua” na nani “alikiri”. “Alidai” humtia msemaji shaka, na “alieleza” humpa imani, ilhali huenda wote wawili hawakuleta ushahidi. Tatu, linganisheni kichwa cha habari na aya ya mwisho, maana mara nyingi aya ya mwisho humkana kichwa chake. Nne, ulizeni nani hakuulizwa. Zoezi hili halihitaji kompyuta wala fedha. Magazeti ya mwezi uliopita yanatosha, na mwanafunzi atajifunza kauli ya kutendwa, usemi wa taarifa na uraia kwa kipindi kimoja.

Wala tusiishie kunung'unika. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomhusu. Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 imeweka tume ya kusikiliza malalamiko. Na barua kwa mhariri bado ipo. Lakini barua yenye nguvu si ile isemayo “gazeti lenu ni la upendeleo”. Ni ile isemayo: tarehe fulani, ukurasa fulani, mliandika hivi, ukweli ni huu, na ushahidi wake huu hapa. Barua ya kwanza mhariri huitupa. Ya pili humkosesha usingizi.

Haya ni muhimu kuliko yalivyokuwa zamani. Zamani uvumi ulitembea kwa miguu. Leo hufika Gongoni kabla ya gazeti kutoka mtamboni, nao hauna mhariri, hauna anwani, wala hauna mtu wa kumwandikia barua. Kijana aliyezoea kulipima gazeti ataupima na uvumi huo. Aliyezoeshwa kusema tu kwamba magazeti yote ni ya uongo, hatakuwa mwangalifu zaidi. Ataamini chochote kinachomfurahisha, na wako wanasiasa wanaomsubiri kijana wa namna hiyo kila baada ya miaka mitano.

Walimu wenzangu, gazeti lisilo na mwenyewe halijachapishwa bado, na sidhani tutaliona. Msomaji asiyevutwa na ngozi ya ngoma tunaweza kumlea wenyewe, darasani, kwa nakala moja iliyochakaa.